Ritifaa Safarini: Historia ya Kuhamisha Maarifa ya Kiswahili Baina ya Lugha za Programu



1.0 Utangulizi

Majeshi ya Uingereza yalipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, uwanja uliokuwa magharibi ya Mnazi Mmoja uligeuzwa kuwa kambi ya wapagazi wa kijeshi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wakazi wa mji walilisikia jina hilo, wakalipitisha katika kanuni za sauti za lugha yao, ambazo hupendelea silabi iishie kwa irabu, na likatoka Kariakoo. Nairobi nayo ilikuwa na kambi ya kikosi hicho hicho, na huko jina limebaki hadi leo kuwa Kariokor. Chanzo ni kimoja na maumbo ni mawili. Umbo la Dar es Salaam limeikubali kabisa kanuni ya silabi wazi; la Nairobi limeandikwa kwa namna ambayo bado inamkumbusha msomaji kalamu ya karani wa Kiingereza. Hakuna kati yao lililo kosa, lakini mtu anayetafuta moja katika orodha iliyoandikwa kwa jingine hatalipata.

Nimeanza na jina la mtaa huu kwa sababu mada ya mhadhara wangu ni jambo la aina hiyo hiyo, ingawa lugha zinazohusika si Kiingereza na Kiswahili bali ni lugha ambazo wataalamu huzitumia kuiandikia kompyuta maagizo: Pascal, Lisp, C, Perl, Java, Python na nyinginezo. Wanafunzi wa kompyuta walio hapa wanalijua vyema swali hili: modeli iliyofunzwa kwa programu ya Python itatumikaje katika programu iliyoandikwa kwa Java? Kwa wanafunzi wa isimu, niseme kwamba modeli, kwa maana ninayoikusudia, ni jedwali la namba, aghalabu kubwa mno, ambazo programu imezipata kwa kupitia data nyingi na kujirekebisha kila ilipobashiri visivyo. Kazi ya kuzipata namba hizo hufanywa mara moja, kwa gharama kubwa, na mara nyingi mbali na hapa. Kazi ya kuzitumia hufanywa mara nyingi, mahali popote, na kwa lugha yoyote ya programu ambayo mtumiaji anayo.

Wahandisi hulichukulia suala hili kuwa lao peke yao. Ninakusudia kuonyesha, kwa kupitia historia ya Kiswahili katika kompyuta tangu miaka ya 1980, kwamba kwa lugha yetu namba zenyewe huvuka bila matatizo makubwa. Kinachoharibika njiani ni uamuzi kuhusu neno linaanzia wapi na linaishia wapi, na uamuzi huo ni wa wanaisimu kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote.

2.0 Majedwali ya Helsinki

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyetaka kompyuta ichambue maneno kwa kawaida alilazimika kuziandika kanuni za lugha ndani ya programu yenyewe. Kanuni ya sarufi ilikuwa amri ya Pascal, au ya Lisp, na mwenzake aliyetumia lugha nyingine ya programu alianza upya. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi, katika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyatenganisha mambo hayo mawili. Lugha aliyoishughulikia ilikuwa Kifini, lakini mbinu yake, iliyokuja kuitwa mofolojia ya ngazi mbili, haikufungamana na lugha hiyo. Tuichukue mifano ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaifahamu:

(1) a. ki-umba → chumba
    b. vi-umba → vyumba
    c. mu-alimu → mwalimu
    d. mu-tu → mtu

Katika fonolojia zalishi tuliyofundishwa wengi wetu, umbo la ndani hupita hatua kadhaa kabla ya kufikia umbo la nje. Kwa Koskenniemi hakuna hatua za katikati. Maumbo mawili husimama sambamba, herufi kwa herufi, na kila kanuni huamua ni jozi zipi za herufi zinaruhusiwa na katika mazingira gani. Kanuni ya namna hiyo inaweza kugeuzwa kuwa mashine ndogo yenye hali chache, na mashine hiyo ikaandikwa kama jedwali: ukiwa katika hali ya 3 na ukakutana na jozi hii, nenda hali ya 5, ukikutana na ile, kataa. Majedwali ya kwanza yalitayarishwa kwa mkono, kazi ambayo sidhani kama wanafunzi wa leo wangeivumilia. Programu za kuyazalisha zilikuja baadaye katika mwongo huo.

Umuhimu wa jedwali kwa mada yetu ni kwamba halina lugha ya programu. Programu ya Koskenniemi iliandikwa kwa Pascal. Mwaka huo huo wa 1983, Lauri Karttunen na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Texas waliiandika upya kwa Lisp na kuipa jina la KIMMO kwa heshima ya mwasisi. Mwaka 1990 ilitoka PC-KIMMO, iliyoandikwa kwa C, ambayo ilitumika sana kufundishia. Injini iliandikwa upya mara mbili katika miaka saba, na wazo la jedwali likabaki lile lile. Miaka mingi kabla ya watu kuzungumzia modeli zilizofunzwa, wanamofolojia walikuwa tayari wamelipata jibu ambalo wahandisi wangelitafuta baadaye: maarifa yawekwe katika faili, na programu iwe msomaji tu wa faili hiyo.

Kiswahili kiliingia mapema katika historia hii. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kazi iliyokuja kuzaa mfumo wa SALAMA. Mwaka 1992, katika toleo la kwanza la Nordic Journal of African Studies, alichapisha maelezo ya uchambuzi wa mofolojia ya Kibantu kwa ngazi mbili, Kiswahili kikiwa ndio lugha ya majaribio. Uhusiano wake na Dar es Salaam haukuwa wa mbali. Kati ya mwaka 1988 na 1992, ushirikiano wa Helsinki na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliwawezesha watafiti kurekodi lugha na fasihi simulizi katika maeneo ya Waswahili ya bara na visiwani. Aidha, kutokana na kazi hiyo ndefu ilijengwa Hazina ya Matini ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo katika toleo lake la mwanzo ilikuwa na maneno takriban milioni 12.5, kila neno likiwa limebandikwa maelezo ya aina, ngeli na viambishi vyake.

Ningependa tukumbuke nani aliyeyabandika maelezo hayo. Si karani aliyeketi akasoma maneno milioni kumi na mbili na nusu. Ni SALAMA yenyewe, kwa kanuni zake.

3.0 Kamati ya wajumbe wanne

Mwaka 2006 Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver wa Ubelgiji, pamoja na Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha utafiti ambao waliueleza kuwa wa kwanza wa aina yake kwa Kiswahili na kwa lugha za Kibantu kwa jumla. Walichukua matini zilizobandikwa za Hazina ya Helsinki, wakazitumia kufunza programu nne tofauti za kutambua aina za maneno. Programu hizo hazikuandikiwa Kiswahili. Zilikuwa programu mashuhuri za wakati huo, na kila moja ilikuwa na nasaba yake: TnT iliandikwa kwa C, MBT ilitokana na kazi ya Tilburg, Uholanzi, iliyoandikwa kwa C++, SVMTool ilitoka Barcelona na iliandikwa kwa Perl, MXPOST ilisambazwa kwa Java.

Hapa ndipo ninapopaona kuwa penye utamu wa historia yenyewe. Waandishi hawakuishia kupima ni programu gani iliyo bora, ingawa walipima, na MXPOST ikashinda. Waliziweka zote nne katika kamati. Kila programu ilitoa hukumu yake juu ya kila neno, kisha kura zikahesabiwa. Walijaribu njia za kisasa na zenye mahesabu mengi za kuziunganisha hukumu hizo, na njia nyingine za kawaida tu, ikiwemo ile ambayo mjumbe mmoja hupewa kura nyingi kuliko mwenzake. Matokeo yake ni kwamba njia za kawaida ziliwashinda wajumbe wakiwa mmoja mmoja, na zikazishinda pia zile zenye mahesabu mengi.

Tujiulize programu ya C iliwezaje kuketi baraza moja na programu ya Java. Ndani ya kumbukumbu za kompyuta hazikuwa na chochote cha kuzungumza. Namba za TnT hazina maana yoyote kwa MXPOST, na hakuna aliyejaribu kuihamisha modeli ya mmoja katika programu ya mwingine. Zilielewana kwa sababu zote zilipewa matini zilizokatwa kwa namna moja, neno kwa neno, na zote zilitoa jibu kwa orodha moja ya alama za aina za maneno. Mahali pa kukutania palikuwa matini ya kawaida, inayosomeka kwa jicho.

Hali kadhalika, tukirudi nyuma hatua moja, tutaona kwamba maarifa ya majedwali ya Hurskainen yaliingia katika programu hizo nne kwa mlango huo huo. Hakuna kanuni hata moja ya SALAMA iliyotafsiriwa kwa Java au Perl. Kanuni zilizalisha matini zilizobandikwa, matini zikazifunza modeli. Ndiyo kusema kwamba modeli zilirithi pia mapungufu ya kanuni: pale SALAMA ilipoamua jambo kwa namna fulani, wanafunzi wake wanne waliamini hivyo, na kura ya kamati haikuweza kugundua kosa ambalo wajumbe wote walifundishwa na mwalimu mmoja. Wanaosifu usahihi wa asilimia kubwa wa modeli za namna hii wangefaa waulize kwanza usahihi huo umepimwa dhidi ya nini.

Hapa Dar es Salaam, katika miaka hiyo hiyo, juhudi zilielekea kwingine. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima na ilituachia istilahi nyingi. Lakini ilikuwa kazi ya kuifanya kompyuta izungumze nasi, haikuifanya itusome.

4.0 Kamati ya mwaka 1930 na alama ndogo

Nimetaja kwamba programu nne zilipewa matini zilizokatwa kwa namna moja. Sharti hilo dogo ndilo linalovunjwa mara nyingi leo, na ili tulielewe hatuna budi kurudi nyuma kupita kompyuta.

Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 na ule wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, ulifuatiwa na kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tarehe 1 Januari 1930. Wajumbe wake wa kwanza walitoka idara za elimu za Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja, pamoja na wawakilishi wasio wa serikali. Makao yake yalikuwa kwanza Dar es Salaam, yakahamia Nairobi, Makerere na Mombasa, na mwaka 1964 Kamati ikageuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili chini ya Chuo Kikuu Kishiriki. Chuo hicho chenyewe kilikuwa ndiyo kwanza kinahamia Mlimani, baada ya kuanza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, pembezoni mwa Kariakoo. Mtu anaweza kuwalaumu wajumbe wa 1930 kwa mengi, hasa kwa kuamua mambo ya lugha bila wenye lugha, na Chiraghdin na Mnyampala walikwisha kulijadili suala la usanifishaji katika kitabu chao cha mwaka 1977. Hata hivyo walilielewa jambo moja: bila tahajia moja, kitabu kilichochapwa Dar es Salaam hakiwezi kufundishiwa Kampala. Usanifishaji wao ulikuwa mkataba wa kubadilishana matini.

Katika mkataba huo sauti ya mwanzo wa neno *ng'ombe* iliandikwa kwa herufi mbili na ritifaa. Wakati huo huo taasisi ya kimataifa ya lugha za Afrika iliyokuwa London ilikuwa ikipendekeza herufi maalumu, ŋ, kwa sauti hiyo. Kiswahili hakikuifuata. Nadhani uamuzi ulikuwa wa busara kwa zama za mashine za kuchapia, kwa sababu ritifaa ilikuwa tayari kwenye kila mashine. Alama hiyo si pambo. *Ng'oa* ni kitenzi cha kutoa kitu ardhini pamoja na mizizi yake. *Ngoa* ni nomino yenye maana ya tamaa au wivu. Kwa mwanafonolojia, ritifaa hapa ni sehemu ya herufi. Kwa mchapishaji wa Kiingereza ni alama ya uakifishi. Mgongano huo ulilala kimya kwa zaidi ya nusu karne, kisha kompyuta ikauamsha, kwa maana katika Unicode, ambao ndio mfumo wa kimataifa wa kusimbia maandishi, kuna ritifaa tatu ambazo jicho hulitambua umbo lake kwa shida:

(2) a. ritifaa iliyonyooka, namba U+0027
    b. ritifaa iliyopinda, namba U+2019
    c. ritifaa iliyo herufi, namba U+02BC

Ya kwanza ndiyo iliyo kwenye kibodi. Ya pili huingizwa na programu za kuandikia nyaraka bila kumwuliza mwandishi. Ya tatu ndiyo ambayo Unicode huipendekeza pale ritifaa inapokuwa herufi, na kwa hoja ya kiisimu ndiyo inayotufaa, ila kibodi ya kawaida haina kitufe chake.

Wenye maduka ya Kariakoo wameshalipia tofauti hii bila kuijua. Alfabeti ya msingi ya ujumbe mfupi wa simu ina ritifaa iliyonyooka lakini haina iliyopinda. Ujumbe wenye herufi za alfabeti hiyo tu unaweza kufikia herufi 160. Ikiingia alama moja isiyomo, ujumbe mzima hubadilishiwa usimbaji na kikomo hushuka hadi 70. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Msimbazi anayewaandikia wateja wake mia kadhaa kwamba mzigo wa *ng'ambo* umewasili, akinakili maneno yake kutoka katika waraka uliopinda ritifaa yake, huenda akatozwa ujumbe miwili au mitatu mahali pa mmoja. Vijana wanaoandika *ngambo* bila alama yoyote, na *cjui* mahali pa *sijui*, hatuna haja ya kuwaona kuwa wavivu tu.

5.0 Modeli za leo na njia zake

Sasa tulifikie swali lenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Facebook walitoa vekta za maneno za lugha 157, Kiswahili kikiwemo, zilizofunzwa kwa programu yao ya fastText. Vekta ni safu ya namba, hapa 300, zinazowakilisha matumizi ya neno. Maneno yanayotumika katika mazingira yanayofanana huwa na safu zinazokaribiana. Ninazichagua vekta hizi, ingawa zipo modeli kubwa zaidi leo, kwa sababu njia yake inaonekana wazi. Matini za lugha za hati ya Kilatini zilikatwa kwanza kwa zana ya Europarl, ambayo ilitayarishwa kwa matini za Bunge la Ulaya na imeandikwa kwa Perl. Kisha zilifunzwa kwa C++. Kisha watumiaji duniani kote wakazisoma kwa Python, Java au chochote walichonacho. Kiswahili, basi, kilivuka lugha tatu za programu kabla hakijarudi kwetu.

Katika kivuko cha kwanza, kanuni za zana ya Europarl zina maelekezo maalumu ya ritifaa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiitaliano. Kwa lugha nyingine ritifaa hutenganishwa na kila kilichoizunguka. Ukiipa zana hiyo *ng'ombe* kwa kanuni ya Kiingereza utapata vipande viwili. Kwa kanuni ya lugha nyinginezo utapata vitatu: *ng*, ritifaa peke yake, na *ombe*. Kwa vyovyote ng'ombe wetu amechinjwa kabla ya kufika sokoni.

Katika kivuko cha mwisho, faili zilitolewa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya maandishi ya kawaida: kila mstari una neno na namba zake 300. Lugha yoyote ya programu inaweza kuisoma kwa mistari michache ya maagizo, na kwa sababu hiyo wengi huichagua. Lakini faili hiyo ina maneno kamili yaliyokutwa katika matini za mafunzo, basi. Kwa Kiingereza hasara si kubwa. Kwa Kiswahili tazama neno la kawaida kabisa, ambalo dukani Kariakoo husemwa kila mzigo unapochelewa:

(3) ha-wa-ja-tu-let-e-a
    hawajatuletea

Kitenzi kimoja cha Kiswahili huweza kuwa na maumbo maelfu, na matini hazitakuwa na yote. Neno lisilo na mstari wake halina vekta. Faili ya pili, ya mfumo wa namba za kompyuta, hubeba pia vipande vya maneno vya herufi tano tano. Kwa (3) vipande hivyo, pamoja na alama za mwanzo na mwisho wa neno, ni kumi na kimoja, vikiwemo *tulet*, *ulete* na *letea*. Havifuati mipaka ya mofimu, na mwanamofolojia ataguna, lakini vinaiwezesha programu kubahatisha maana ya neno ambalo haijawahi kulikuta. Anayechagua faili iliyo rahisi kuvuka anaviacha vipande hivyo nyuma, maana yake ameiacha nyuma mofolojia.

Anayechagua faili ya pili ana kazi nyingine. Kila kipande hutafutiwa safu yake kwa hesabu inayofanywa juu ya baiti za herufi. Programu ya C++ huzichukulia baiti zinazozidi 127 kuwa namba hasi. Mwandishi wa lugha nyingine akizichukulia kuwa chanya, hesabu humpeleka kwenye safu ya kipande kingine kabisa. Kosa hili lilitokea katika Gensim, maktaba mashuhuri ya Python, ilipokuwa ikizisoma faili za fastText, na likarekebishwa baadaye. Herufi zetu *a* hadi *z*, pamoja na ritifaa iliyonyooka, zote ziko chini ya 128, kwa hiyo Kiswahili kingevuka salama. Ritifaa iliyopinda iko juu yake. Maneno ya *ng'* yaliyoandikwa kwa ritifaa hiyo ndiyo yangepotea, bila ujumbe wowote wa kosa.

Wahandisi watanijibu kwamba siku hizi zipo njia bora. Ni kweli. Mwaka 2017 Microsoft na Facebook walitangaza ONNX, mfumo wa faili unaobeba namba za modeli pamoja na mpangilio wa mahesabu yake, ili modeli iliyofunzwa kwa Python iweze kuendeshwa kutoka C++, C#, Java au JavaScript na kutoa majibu yale yale. Ni jedwali la Koskenniemi katika vazi jipya, na ninalipongeza. Ila mahesabu hayo aghalabu huanza baada ya maneno kugeuzwa kuwa namba. Ugeuzaji wenyewe mara nyingi hubaki nje ya faili, na mtengenezaji wa programu ya simu huuandika upya kwa lugha anayoitumia. Chukueni alama ndogo `\w`, ambayo katika Python ya sasa na katika Java hutumika kumaanisha herufi ya neno. Neno *ng'ambo* likiandikwa kwa ritifaa ya (2c), Python hulitambua kuwa neno moja, kwa sababu hufuata Unicode. Java, isipoelekezwa vingine, hutambua herufi za Kiingereza, tarakimu na mstari wa chini tu, na hulikata kuwa *ng* na *ambo*. Modeli ni ile ile, namba ni zile zile, alama ya programu ni ile ile, na Kiswahili ni viwili.

Zana ya SentencePiece ya mwaka 2018 ilijaribu kuliziba pengo hili kwa kuziweka kanuni za kukata maneno ndani ya faili ya modeli yenyewe, na kwa mtazamo wangu ndiyo njia iliyo sahihi kuliko zote zilizopo. Lakini kanuni zake za kawaida za kusawazisha maandishi hufuata Unicode, na Unicode haizihesabu ritifaa tatu za (2) kuwa kitu kimoja. Kanuni ya kuziunganisha inaweza kuongezwa. Inabidi aiongeze anayejua kwamba inahitajika.

Mtu huyo ni nani? Hatutegemei awe mhandisi wa California. Pendekezo langu kwa wanafunzi wa isimu na wa kompyuta, wakiwa pamoja, ni la kazi ya muhula mmoja: karatasi ya majaribio ya kukata maneno ya Kiswahili, iliyoidhinishwa na BAKITA na TATAKI na kutolewa bure, ambayo programu yoyote, iwe ya Python, Java au nyingine, itapimwa nayo kabla ya kupokea modeli. Iwe na *ng'ambo* kwa ritifaa zote tatu, *ng'oa* na *ngoa*, vitenzi virefu vyenye yambwa na kauli, na *saa 2:30*. Iwe pia na bei kama zinavyoandikwa Kariakoo, *5,000/=*, ambayo programu nyingi huipasua vipande vinne au vitano. Sehemu moja ya karatasi hiyo haitaweza kuandikwa hadi sisi wenyewe tuamue. Magazeti yetu huandika *mbalimbali* na *mbali mbali*, *kwa hiyo* na *kwahiyo*, wakati mwingine katika ukurasa mmoja, na hapo hakuna lugha ya programu ya kulaumiwa.